Nguzo ya Kumi na Saba

Saa tatu usiku, Januari, mjini Łódź.
Theluji imeziba midomo ya tramu
na mimi natafuta nguzo.

Ipo. Jumatatu niliishika kwa kiganja:
chuma cha kusubu, baridi kama kisu cha buchani,
imechubuka rangi kimo cha kiuno
pale wafumaji walipoegemeza baiskeli zao
miaka ile kiwanda kilipokuwa bado kinanguruma.
Niliipima. Nikaichora. Nikaipa namba.
Leo, ghorofa ya pili,
baada ya ya kumi na sita, kabla ya ya kumi na nane,
pana weupe tu, kama pengo la jino.

Nilimshuku Gniewko,
kijana afutaye mistari ya watu
kama apangusavyo makombo ya mkate wake mezani.
Maneno makali nilikwisha kuyatunga.

Bogumiła akavuta kiti. Hakugusa kipanya.
Amechora miaka thelathini, kumi na miwili kwa wino,
na chai huinywa kwenye bilauri, limau ikielea.
"Kabla hujaangua kilio," akasema,
"uliza mchoro wako umeambiwa ufiche nini."

Maana mchoro si nyumba.
Nyumba ni moja, imelala nzima ndani ya mashine;
kila mchoro ni tundu la kuchungulia,
kila tundu lina mabawabu wake,
na mabawabu hawaulizani.

Tukaanza na mkato,
ule msumeno usio na meno upitao nyumba nzima
mita moja na robo juu ya sakafu.
Tukaushusha, tukaupandisha.
Ikatokea ngazi, kikatokea kizingiti.
Nguzo, la.

Tukafungua orodha ya aina: kuta, milango, samani,
visanduku vyenye alama ya vema.
Nguzo zote zina ruhusa. Dada zake wamesimama safu,
yeye tu hayumo gwarideni.

Tukawasha balbu,
ile ndogo ya pembeni inayofichua vilivyofichwa.
Skrini ikaiva zambarau:
meza niliyoificha Desemba nikaisahau,
mti, gari,
mwanamke wa mfano atembeaye siku zote bila kufika,
na katikati yao, pale pale nilipoisimika,
kumi na saba.

Nikaibonyeza, nikaiamuru itoke.
Haikutoka.
"Haikufichwa na mkono," akasema Bogumiła. "Imefichwa na sheria."

Kichujio alikiandika Gniewko, kwa nia njema, mstari mmoja:
chochote ambacho maelezo yake yana *bomolewe*
kisionekane kwenye michoro ya nyumba mpya.
Akafungua maelezo ya nguzo.
Herufi kubwa, za Novemba, zangu:
ISIBOMOLEWE.

Chai ikapoa.
Niliitegemea silabi moja ilinde nusu tani ya chuma,
kumbe chekeche lina matundu ya saizi yake:
lilinasa neno
na *si* ikadondoka kama vumbi la unga.
Kilio changu cha kuiokoa ndicho kilichoizika.

Na ule mchoro ulichapwa Alhamisi.
Nikampigia Ziemowit, fundi bomba, akapokea na usingizi.
Bafu, nikamwambia, kwenye karatasi yako bafu limekaa
mahali ambapo...
"Nililisogeza juzi," akasema. "Niliingia mle gizani
nikaigonga kwa bega." Akakata.

Tukabadili sheria. Sio *yana*. *Ni sawa na*.
Duara dogo jeusi likarudi,
kama nukta iliyochelewa mwisho wa sentensi.

Bogumiła akavaa koti, akaniachia taa.
Kesho saa mbili Gniewko ataingia, ataning'iniza skafu yake,
ataniuliza kama nililala.
Yale maneno makali bado ninayo.
Sijui niyafiche
au niyafute.